Siri Zinazojulikana na Mji Mzima

Riwaya nyingi za kihistoria zinazopita mikononi mwangu zina barua. Barua imefichwa sandukuni, au nyuma ya picha ukutani, na siku mjukuu anapoipata, mambo ya ukoo yanafumuka yote kwa mpigo: bibi alikuwa na mwanamume mwingine, babu hakuwa babu, na yule aliyeitwa shangazi kumbe ndiye mama. Nazisoma, na nyingine zimenikesha mpaka adhana ya alfajiri. Lakini nikifika mwisho hujiuliza: ni mji gani huo ambao siri ya nyumba inaweza kukaa kwenye karatasi moja, ikisubiri mtu mmoja mwenye ufunguo?

Lamu haiko hivyo. Nyumba zetu zimeegemeana ukuta kwa ukuta, na vichochoro ni vyembamba hata punda mwenye mzigo akija inabidi ujibanze mlangoni kwa watu. Mtoto akizaliwa hujulikana kazaliwa na nani, na mtu akiposa hujulikana kwa nini kakataliwa, hata kama jibu lililotolewa barazani ni jingine kabisa. Mambo ya watu yako vifuani mwa wazee. Mji mzima umeafikiana, bila mkutano wala maandishi, kwamba hayatajwi mbele ya mhusika. Na mara nyingi anayebaki gizani ni mmoja tu: yule ambaye jambo lenyewe litakuja kumkata.

Kwa hiyo nikishika riwaya ya mapenzi na siri za ukoo iliyowekwa katika Pwani yetu ya zamani, kitu cha kwanza ninachokitazama ni jinsi mwandishi anavyoishika siri. Akiifanya fumbo la kumvuta msomaji mpaka ukurasa wa mwisho, nitaburudika na nitasahau. Akinionyesha watu wanaojua, wanaokula sahani moja na asiyejua, wakimpenda na wakimnyamazia kwa miaka, hapo namwamini, maana ndivyo tulivyolelewa.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, ameliweza jambo hili kuliko mwandishi yeyote ninayemjua. Riwaya yake ya 2005, Desertion, inaanza mwaka 1899 katika mji mdogo wa Pwani. Hassanali, mwenye duka, anatoka alfajiri kwenda msikitini na anamwona mzungu aliyechoka hoi akijikokota kutoka upande wa bara. Anamchukua kwake. Nyumbani yupo Rehana, dada yake, mwanamke ambaye mume alisafiri akamwacha bila habari. Kati ya Rehana na mgeni huyo, Martin Pearce, yanazuka mapenzi. Kilichonishangaza ni kwamba msimulizi anasimama katikati ya kitabu na kukiri wazi kuwa hajui yalianzaje. Wangekutana wapi peke yao? Nani alisema neno la kwanza? Katika nyumba kama ile, na jamii kama ile, jambo hilo halikuwa na pa kuanzia, na hata hivyo lilianza. Mwandishi mwingine angetuandikia macho yaliyogongana juu ya bakuli la uji. Gurnah ameacha pengo, na pengo hilo ndilo linaloonyesha uzito wa kuta zilizomzunguka Rehana.

Kisha kitabu kinaruka miaka hamsini na ushei hadi Unguja. Kijana aitwaye Amin anampenda Jamila. Jamila ni mjukuu wa Rehana. Wazazi wa Amin ni walimu, watu waliosoma, walioshindana na wazee wao wenyewe ili wasomeshe. Lakini wanaposikia jina la Jamila wanageuka kama watu wengine. Bibi yake alikaa na mzungu. Mji haujasahau, ingawa aliyetenda ni mwanamke ambaye Amin hajawahi kumwona. Kijana anatii, na utii ule unammaliza pole pole.

Hapana sanduku wala barua. Kila mtu anajua, kasoro kijana mmoja.

Tulikisoma kitabu hiki kikundi chetu cha wanawake, alasiri, nyumbani kwa mmoja wetu huku mtaa wa Langoni. Nilikuwa nakieleza kwa Kiswahili sura baada ya sura, kwa sababu wengine hawasomi Kiingereza, na wengine walikuja kwa ajili ya kusikiliza tu huku wakisuka ukili. Tulipofika pale mama yake Amin anapokataa, wasichana walichemka. Mmoja alisema huyo si mama. Bibi mkubwa kuliko wote, ambaye mpaka hapo hakuwa amefungua mdomo, akaendelea na ukili wake na kusema, "Nami ningemkataza."

Wakamgeukia. "Bibi, kosa la Jamila ni nini?"

"Hana kosa, mwanangu. Nani kakwambia ana kosa? Lakini mimi ndiye nitakayekaa na watu."

Basi. Sikuwa na la kuongeza, na sidhani mhakiki yeyote angelieleza kwa maneno machache zaidi. Mama yule hamchukii Jamila. Anayaona maisha yake yaliyobaki: harusi ambazo hataalikwa, misiba atakayokaa peke yake pembeni, binti yake ambaye posa zake zitakauka. Riwaya isiyompa mama huyo sababu zake imemwonea, hata kama sisi sote tuko upande wa wapenzi.

Tuseme waziwazi sasa siri nyingi za ukoo huku kwetu ni siri za nini. Ni za utumwa, na ni za mama.

Nasaba zetu huandikwa baba kwa baba. Fulani bin fulani bin fulani, mpaka mtu akafika alikotaka kufika. Lakini katika nyumba nyingi za zamani palikuwa na suria, mwanamke aliyenunuliwa au aliyezaliwa utumwani, na mtoto aliyemzalia bwana alikuwa huru na mwenye nasaba ya baba yake kamili. Sheria ilimtambua mtoto, na mama akawa huru bwana alipofariki. Hata masultani wa Unguja, Majid na Barghash wakiwemo, walizaliwa na masuria. Kwa hiyo ukoo unaweza kuwa na karatasi yenye majina ya wanaume vizazi kumi, na katika karatasi hiyo hayumo hata mwanamke mmoja kati ya wale waliowazaa. Walitoka wapi? Nyasa, Uyao, Uhabeshi, Giriama? Waliitwaje kabla ya kuja? Karatasi haisemi, na wazee wanaojua kidogo hawasemi.

Niliwahi kuonyeshwa picha ya zamani katika nyumba moja ya Mkomani, mtaa wa nyumba za mawe hapa Lamu. Wamekaa watu wa nyumba na watoto wao, nguo nzuri, viti vya kihindi. Pembeni kabisa, nusu mwili ukiwa umekatwa na ukingo wa picha, amesimama mwanamke mwenye leso begani, kamshika mkono mtoto mdogo kuliko wote. Nikauliza ni nani. Nikajibiwa, "Ni mtu wa nyumbani." Sauti ilikuwa laini, ya heshima, na mkono wa aliyenijibu ulikuwa tayari unageuza picha nyingine. Nilielewa, naye alielewa kwamba nimeelewa, tukaendelea kunywa kahawa. Mtoto yule aliyeshikwa mkono alikuja kuwa mtu mkubwa mjini, na nina yakini nyimbo za kwanza alizozisikia zilikuwa za mwanamke huyo.

Hapo ndipo riwaya ina kazi ambayo mwanahistoria haiwezi. Mwanahistoria anahitaji hati, naye mwanamke yule hakuachiwa hati. Mwandishi wa riwaya anaweza kumsogeza kutoka ukingoni mwa picha akamweka katikati, akampa alfajiri yake, hasira yake, na mapenzi yake. Anatakiwa tu awe mkweli kuhusu ulimwengu uliomzunguka. Na ulimwengu huo unajulikana vizuri kuliko tunavyodhani.

Chukua nyumba yenyewe. Nyumba ya mawe ya Mkomani inaingia ndani hatua kwa hatua: daka barabarani ambapo wageni huishia, kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, halafu misana, yaani kumbi ndefu, kisha ndani kabisa, penye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ambapo mwanamke hujifungulia na maiti huoshewa. Orofani waliishi wenye nyumba. Chini, kwenye giza na joto, palikuwa bohari na makazi ya watumwa. Juu ya baadhi ya vichochoro pamejengwa wikio, chumba au daraja linalounganisha nyumba mbili, na wanawake wa ukoo walipita humo kwenda kwa jamaa bila kukanyaga barabara. Mwandishi mwenye jicho akiitazama ramani hiyo, nusu ya riwaya ameshaipata: nani anaruhusiwa kufika wapi, nani anapita juu na nani chini, na nani anasikia kupitia dari.

Halafu shiraa. Enzi hizo, mwanamke wa kiungwana wa Lamu alipotoka nje alitembea ndani ya shiraa: nguo kubwa iliyoinuliwa kwa miti, ikibebwa na vijakazi, naye katikati haonekani na mtu. Nimeifikiria shiraa mara nyingi. Ndani yake bibi haoni barabara, anaona kitambaa. Kijakazi aliyeshika mti, yuko nje. Anaona nani kafungua dirisha, nani kasimama mlangoni kwa nani, jahazi gani limeingia, ni mwanamume gani amegeuza uso kwa adabu na ni yupi hakugeuza. Bibi akitaka kujua mji una habari gani, lazima amuulize anayembeba. Na ikiwa bibi ana mtu anayempenda, salamu zitapita katika mdomo huohuo.

Nikiulizwa nani angesimulia vizuri zaidi riwaya ya mapenzi ya Lamu ya mwaka 1880, jibu langu ni huyo kijakazi. Siyo kwa huruma, bali kwa sababu yeye ndiye aliyeona. Anajua siri ya orofani na ya chini. Anajua harusi ambayo siwa, lile baragumu kubwa la shaba, ilipulizwa na ile ambayo haikupulizwa, na kwa nini, maana siwa haikupulizwa kwa kila mtu. Ilikuwa ya koo kubwa, na sauti yake, au ukimya wake, uliwapanga watu mbele ya masikio ya mji mzima.

Waandishi wetu wa Kiswahili wamelikaribia eneo hili kwa njia zao. Adam Shafi, katika Vuta N'kuvute ya mwaka 1999, anamchukua Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mzee angali mbichi, akamtoa katika ndoa ile, jamaa zake wakamtenga, na akampeleka kwenye mikono ya Denge, mpigania uhuru anayewindwa na serikali ya kikoloni ya Unguja. Mapenzi yale hayapumui nje ya siasa; kila wanapopanga kuonana, makachero wako nyuma. Napenda pia kwamba anayemwokoa Yasmin kwa chakula na malazi ni wanawake na majirani wa kawaida wa mtaani, watu ambao historia rasmi ya uhuru haiwataji. Uhuru wa Watumwa wa James Mbotela, uliotoka mwaka 1934, ni wa aina nyingine. Unasimulia waliotekwa bara, wakaokolewa baharini na kuwekwa Freretown, Mombasa, na unawashukuru Waingereza kuliko ninavyoweza kuwashukuru mimi. Hata hivyo umeandikwa na mtoto wa watu hao, kwa Kiswahili, na kwa sababu hiyo haujazeeka.

Kisha kuna Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya nyingine ya Gurnah, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Hiki ndicho kitabu ninachowapa wanafunzi wangu kwanza. Yusuf ana miaka kumi na miwili anapoondoka kwao na tajiri anayemwita ami. Anadhani anakwenda kutembea. Dukani anamkuta kijana mwingine, Khalil, naye anamwambia kweli: yule si ami yako, baba yako ana deni lake, na wewe ndiwe rehani. Wazazi walijua. Tajiri alijua. Na tazama tena, aliyekuwa hajui ni mmoja.

Jambo la kuweka mtoto rehani si la kubuni tu. Hapa kwetu, kuanzia Malindi kuteremka Mombasa, katika njaa kubwa ya miaka ya 1880 familia za Kimijikenda ziliwaweka watoto na jamaa kwa watu wa Pwani ili wapate nafaka, kwa nia ya kuwakomboa mvua ikinyesha. Wengine walikombolewa, wengine hawakurudi, wakakua na majina mapya na dini mpya, na leo wajukuu wao wanakaa mtaa mmoja na wajukuu wa waliowapokea, huenda pia na wajukuu wa ndugu waliobaki nyumbani. Nikiwaza ni kitu gani mama alimwambia mtoto asubuhi ya kumpeleka, naona riwaya nzima.

Katika Peponi yumo pia Mzee Hamdani, mtunza bustani. Alikuwa mtumwa, akapewa bibi wa nyumba kama zawadi ya harusi. Sheria ilipobadilika bibi akamwambia nenda, uko huru. Akakataa kupokea. Uhuru, kwake, haukuwa kitu ambacho mwingine angeweza kumpa wala kumnyang'anya. Akarudi kwenye miti yake. Wasichana wangu darasani humkasirikia sana mzee huyu. Mimi humpenda kwa kuwa anatulazimisha kuuliza swali la kujinusuru kwa namna nyingine: mtu anayebaki, anabakia kwa nini? Kuondoka hutengeneza hadithi nzuri. Waliobaki walikuwa wengi zaidi.

Kuondoka kwenyewe kuna historia ya kutosha kwa rafu nzima ya vitabu, na sioni waandishi wakiichota. Malindi ilifufuliwa katikati ya karne ya 19, enzi za Sayyid Majid, kwa mashamba ya nafaka na ufuta yaliyolimwa na watumwa. Si muda mrefu wakaanza kutoroka. Walikwenda ndani, wakajenga vijiji vyao vya watoro kama Fuladoyo, wakalima, wakaoana, wakalinda milango yao kwa silaha. Wengine walifika Rabai kwenye misheni, na Januari 1889 kampuni ya Waingereza iliwalipa mabwana fidia na watu wapatao 1,400 wakapewa hati za uhuru. Upande wetu, watoro walivuka bara kwenda Witu, kwa mtawala wake Ahmed Simba, ambaye hakuwa akiuliza mtu katoka wapi mradi awe upande wake. Waingereza wakaja kuichoma Witu Oktoba 1890. Fikiria mwanamke aliyetoroka shamba, akapata mume Witu, akazaa, akaona mji unateketea, akachukua watoto na kuanza tena. Angewaambia nini watoto wake kuhusu alikotoka? Pengine asingewaambia lolote. Pengine angejitungia ukoo mpya, na ukoo huo wa kutunga ukawalisha na kuwaoza watoto wake. Mwandishi atakayemshika mwanamke huyu asimshitaki kwa kusema uongo.

Wazee wetu, kwa hakika, walishajua kuunganisha mapenzi, siri na kujinusuru kabla riwaya haijafika. Hadithi ya Fumo Liyongo, ambayo Muhammad Kijumwa wa hapa Lamu aliiandika kwa utenzi mwaka 1913, ina mama anayeficha tupa ndani ya mkate wa wishwa, yaani pumba, akijua walinzi wa gereza watakula mikate mizuri na kuuacha ule mbovu. Na anayevusha mpango mzima, akienda na kurudi gerezani na chakula na maagizo, ni Saada, kijakazi. Bila yeye shujaa angeuawa ndani. Tunamwimba Liyongo, Saada tunamtaja tukipita.

Na Mwana Kupona. Utendi wake wa mwaka 1858 umesomeshwa vibaya, kama kijitabu cha kumfundisha mke kumtii mume, basi. Mkumbuke alikuwa nani alipoutunga. Alikuwa mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, mji wa kisiwa cha Pate, mtu aliyepambana na Sultani wa Unguja miaka mingi. Mume alikuwa amefariki kama miaka miwili tu kabla, upande wao ulikuwa unashindwa, na yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa aliyejua hatapona. Binti yake, Mwana Hashima, alikuwa na umri wa miaka kama 17. Mama wa namna hiyo anapokaa kitandani na kuita karatasi na wino, anachoandika ni namna ya kuishi katika dunia ya washindi ukiwa huna baba wala mama. Mwana Hashima aliishi mpaka miaka ya 1930. Alimwona Mwarabu, Mjerumani na Mwingereza wakipokezana bendera, akauona utumwa ukifutwa. Riwaya ya maisha ya binti yule, aliyebeba maneno ya mama yake miaka zaidi ya sabini, sijaiona kwa lugha yoyote.

Nina ugomvi na riwaya kadhaa zinazoitumia Lamu kama mapambo. Zinaelezea milango iliyochongwa kwa kurasa mbili, deli la kahawa kwa ukurasa mmoja, harufu ya asumini kila sura, halafu watu waliomo wanapendana kama vijana wa leo waliovaa nguo za kuazima. Msichana wa kiungwana anatoka usiku peke yake kwenda ufukweni kukutana na mvuvi, na hakuna aliyemwona! Ni nani aliyekuwa amelala mlangoni? Nani alimfungulia komeo? Na kesho yake, nani aliona mchanga kwenye viatu? Katika nyumba ile walikuwamo watu wasiopungua wanane. Mwandishi akisahau hilo amepoteza kitu kinachofanya mapenzi yale yawe ya hatari, na kwa hiyo amepoteza mapenzi yenyewe. Suala la kufu, yaani kulingana kwa nasaba na hadhi, pia hurukwa. Mwanamke asiolewe na asiye kufu yake: hiyo ilikuwa sheria, ilikuwa desturi, ilikuwa hesabu ya mali. Wapenzi wa riwaya wanaoivunja bila kuihisi mwilini hawakuishi wakati huo.

Kuna mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa anaandika. Nimeruhusiwa kuisema habari hii mradi nisimtaje. Mhusika wake mkuu ni kijakazi aliyebeba shiraa, naam, tulilizungumza sana hilo, na anampenda fundi wa majahazi wa Matondoni, mtu huru. Mama wa fundi hataki kusikia. Unakuja mwaka 1907, utumwa unafutwa kisheria katika Pwani ya Kenya, mabwana wanalipwa fidia, mashamba ya bara yanaanza kurudi msituni, na katika rasimu ya kwanza kijakazi anapanda jahazi usiku kwenda Mombasa kuanza maisha mapya.

Nilimwambia asimpandishe. Wengi walikwenda Mombasa, ni kweli, lakini wengi walibaki hapahapa, na kubaki kwao ndiko kulikoujenga mji tunaoishi. Langoni ilikuwa inajaa watu wapya. Habib Saleh, aliyetoka Ngazija, alikuwa anasomesha hapo, na aliwafungulia mlango wazalia, yaani waliozaliwa hapa katika utumwa, na wageni ambao wakubwa wa mji hawakutaka wakae darasa moja na watoto wao. Wenye majina walimlaumu, naye akaendelea, na Riyadha, msikiti na chuo chake, ikasimama. Mwanamke aliyetoka kubeba shiraa angeweza kumsikia mwanawe akisoma kwa sauti mahali ambapo bwana wake wa zamani angekuja siku moja kusikiliza. Na ni miaka hiyohiyo ya mwanzo wa karne ambapo buibui liliingia. Hakukuwa tena na wa kubeba miti ya shiraa. Bibi akavaa buibui, na aliyekuwa kijakazi wake akavaa buibui, wakapishana kichochoroni, na mpita njia hakujua yupi ni yupi. Wao wawili walijua. Nataka kuisoma asubuhi hiyo: nani alimsalimu mwenzake kwanza, na alimwita nani?

Tulilipeleka suala hili kwa kikundi. Bibi yetu wa ukili akauliza maswali ambayo sisi tuliosoma hatukuyawaza. Analala kwa nani? Anakula nini mwezi wa kwanza? Anapika vitumbua, anasuka mikeka, au anarudi kufanya kazi ileile kwa bibi yuleyule kwa ujira mdogo? Anazo sufuria zake? Msichana akawa anaandika mbio mbio. Akauliza, "Bibi, na mwenye nyumba angemdai kitu?" Bibi akacheka kidogo, akasema wengine walidai mpaka kanga ya mwilini.

Amekubali kumbakisha Langoni. Kuhusu ndoa bado hatujaafikiana. Yeye anataka fundi amwoe, na harusi ifanyike Matondoni kwa ngoma mpaka asubuhi. Mimi sipingi ndoa. Ninachotaka ni mama wa fundi azungumze kwanza, sura nzima yake peke yake, aseme anaogopa nini na anaogopa nani, bila mwandishi kumkatiza. Ameniambia sura hiyo inamshinda kwa sababu kila akimwandika mama yule anasikia sauti ya bibi yake mwenyewe. Nimemwambia aiandike kwa sauti hiyohiyo. Ataileta kikundini baada ya Maulidi.